Chupa Niliyomnunulia Fundi Saa

Miaka ishirini na sita ya unesi, nimewachoka walevi. Nimewaosha, nimewagombeza, wengine nimewafunika shuka. Ila aliyenichosha kuliko wote ni mdogo wangu, fundi saa. Si mlevi wa kila siku, hapana. Lakini akishika glasi, ni ile gongo ya kupima, kwenye kibanda nyuma ya duka lake, halafu kesho yake anipigie simu nimpe pole.

Jumapili asubuhi akapiga.

"Dada, kichwa kinaniuma balaa. Tumbo nalo. Na macho yana ukungu."

"Pombe hiyo. Kunywa maji, ulale. Mimi niko zamu, niache."

Nikakata simu.

Alasiri mkewe akamleta wodini kwetu kwa kumshika mkono. Alikuwa anahema kama aliyepanda ghorofa sita. Mchana kweupe, jua limejaa dirishani, akauliza, "Mbona hamwashi taa?" Jamani! Nikakimbia kumwita daktari.

Daktari akammulika kwa tochi. Mboni zilikuwa zimetanuka, hazishtuki.

"Methanoli," akasema. "Wamemchanganyia spiriti ya rangi kwenye pombe. Mwili wenyewe ndio unaigeuza sumu, kidogo kidogo. Dawa yake imeisha stoo. Nesi, katafute pombe kali ya dukani, chupa ambayo haijafunguliwa. Mwili ukishughulika na hiyo, utaiacha methanoli."

Nikaenda na sare yangu. Baa nzima ikapiga makofi. "Nesi! Hata wewe umejiunga?" Nikalipa, nikatoka mbio na chupa.

Siku mbili nilimpimia pombe kila saa, kwa mpira wa puani, mimi niliyemkataza maisha yangu yote. Akawekewa dripu ya kupunguza tindikali kwenye damu, akapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Wawili waliokunywa naye walikufa. Yeye akapona, macho hayakurudi.

"Angeletwa asubuhi," daktari akaniambia mlangoni, "pengine angekuwa anaona." Hakujua anamwambia nani.

Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta dukani kwake, ameshika saa ya mteja, anaipapasa vidole vikitafuta skrubu. Nikamwambia yote: ile simu, yale maneno ya daktari, kwamba ni mimi.

"Lakini nililala, dada," akasema polepole. "Si wewe ulisema nilale?"

Hakusema kwa ubaya. Heri angenitukana.