Parafujo Iliyolika Katikati

Sumbawanga ina mabahili wengi, lakini Adriano alikuwa bahili wa aina yake. Ukimwomba debe la mahindi atakupa. Ukimwomba jembe atakupa, wala hatakufuata kulidai. Muulize tu amefanyaje mpaka chuma kikatoka laini namna ile, atakutazama kama mtu aliyeombwa amwachie jirani mke wake.

Ubahili huo aliurithi. Alizaliwa kijiji kimoja jirani na Kaengesa, katika ukoo wa Wafipa waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye ilungu, lile tanuru la udongo linalompita mtu kwa urefu. Siri ya kazi hiyo ilikaa kwa mzee mmoja tu, pamoja na kikapu chake cha dawa, na siku moto ukiwashwa mwanamke hakuruhusiwa hata kupita karibu. Wazee wale wakafa, siri wakaondoka nayo, na leo ilungu lao limebaki shambani, ng'ombe wanajikunia ubavu. Adriano alilitaja kwa fahari. Hakujiuliza hata siku moja kwa nini halitoi chuma.

Yeye mwenyewe alifundishwa kazi na bruda mmoja wa misheni, Mzungu mkali aliyempiga vidole kwa rula ya chuma miaka minne mfululizo. Bruda alikuwa na mashine ya kuchongea chuma, ile mafundi waiitayo milingi: kisu kinazunguka juu, chuma kimebanwa kwenye meza chini yake, na fundi anaisogeza meza taratibu kwa kuzungusha mishikio. Karakana ya misheni ilipofungwa, mashine iliuzwa kwa mume wa Luciana, mwenye karakana hapa mjini, na Adriano akaja nayo. Mume wa Luciana akafa. Mashine ikabaki, Adriano akabaki, na kwa miaka thelathini na mmoja mishikio ile haikuguswa na mkono wa mtu mwingine.

Sasa mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa. Meza yake husogezwa na parafujo ndefu iliyolala chini, na parafujo hiyo ilikuwa imelika katikati, mahali inapofanya kazi kila siku. Ukigeuza mshikio kurudi nyuma, unazunguka bure kidogo kabla meza haijasogea. Pembeni ilicheza kidogo, katikati ilicheza sana. Adriano alijua kwa mkono wake inacheza kiasi gani kila mahali, akairudisha meza kupita alama, kisha akaijia alama kutoka upande uleule, na kazi ikatoka sawasawa. Hakuandika popote, hakumwambia mtu. Watu watatu waliokuja kujifunza kwake kwa kutazama tu waliondoka wakiamini mashine ina pepo, na yeye aliwaacha waamini hivyo.

Mwaka huu Luciana alichoka. Kazi ambayo Mbeya inafanywa kwa saa mbili Adriano aliifanya kwa siku mbili, na wateja walikuwa wanapanda basi na vyuma vyao mapajani. Bei ya mashine mpya ya kompyuta Luciana hakuiweza hata kwa ndoto. Ndipo akasikia habari za binti anayechukua milingi kuukuu za karakana ndogo, anafungua mishikio, anafunga mota na kompyuta, na mashine inajiendesha yenyewe kwa maagizo yaliyoandikwa. Akamwita.

Binti huyo aliitwa Hilaria, mzaliwa wa Kabwe kule ziwani, aliyeanza ufundi kwa kutengeneza injini za boti za baba yake. Alifika na sanduku la mota tatu na kompyuta iliyopasuka kioo pembeni. Akamkuta Adriano amesimama mbele ya mashine, amevaa sweta zake mbili, miguu kaitanua kama mlinda mlango.

"Shikamoo, baba," Hilaria alisema.

Adriano aliitikia kwa sauti ya mtu anayetema kokwa, kisha akamgeukia Luciana. "Mama, huyu ndiye fundi? Kwetu mwanamke hakusogelea ilungu."

"Hapa si kwenye ilungu, Mzee Adriano. Hapa ni kwenye karakana yangu, na mimi mwenyewe ni mwanamke," Luciana alijibu. "Sikiliza, nisirudie. Jumamosi Rafaeli wa Pito anakuja na kazi. Mashine yake ya kukamua alizeti imepasuka nyumba ya beringi, kile chuma chenye tundu inamokaa, anataka mpya. Kompyuta ikiichonga vizuri, mashine itabaki hivyo. Ikishindwa, mota zinatoka, unarudisha mishikio yako, na mimi sitalizungumza tena."

Adriano alielewa vizuri. Ikifika Jumamosi, ama yeye ama kompyuta.

Hilaria alipofungua mishikio mitatu na kuiweka sakafuni, Adriano aliiokota mmoja mmoja, akaifunga kwenye kipande cha kitenge, akaenda nayo nyumbani na kuisukuma chini ya kitanda. Mkewe, Zita, alikuwa akipepeta ulezi mlangoni.

"Baba Justa, vyuma vya watu unavilaza na sisi?"

"Ni vyangu."

"Kama ni vyako, si umwoneshe huyo binti vinavyofanya kazi?"

"Nikimwonesha, kesho nitakula nini?"

Zita aliendelea kupepeta. Alikuwa ameolewa na mtu huyu muda wa kutosha kujua lini maneno yanaisha.

Hilaria naye hakuwa mjinga. Alikuwa na kijisaa cha kupimia, chenye mshale unaoonesha hata unene wa unywele, na Alhamisi alikifunga kwenye ncha moja ya meza, akapima parafujo inacheza kiasi gani. Ikacheza kidogo tu. Alikuwa anakihamishia katikati aliposikia mtu anakohoa nyuma yake.

"Unapima nini?" Adriano aliuliza.

"Parafujo, baba. Mpya hatuwezi kununua, kwa hiyo kompyuta itatumia hii hii ya zamani. Inacheza?"

"Nzima."

"Hata katikati?"

"Nimekwambia nzima. Unapima parafujo, au unanipima mimi?"

Hilaria aliona haya. Kwao Kabwe, kama kwa Wafipa huku juu, mtoto aliyelelewa hachukui kipimo kukagua neno la mzee mbele ya macho ya mzee mwenyewe. Akakifungua kijisaa, akakirudisha kwenye kitambaa chake. Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya kwa adabu.

"Samahani, baba," alisema. "Ila kompyuta ni kipofu, haina mkono wa kuhisi. Kama kuna mahali unapajua wewe, niambie tu, nitaiandikia, nayo itafanya kama unavyofanya wewe."

Ifanye kama anavyofanya yeye! Maneno hayo yalimchoma Adriano kifuani kuliko tusi. Miaka minne ya rula ya chuma, miaka thelathini na mmoja ya viganja kuota sugu, halafu boksi lenye kioo kilichopasuka lifanye kama yeye. Alimchukia binti yule waziwazi, akaona raha kumchukia.

"Chai yako inapoa, binti," akasema, akaondoka.

Jumamosi Rafaeli alifika na beringi mfukoni, imefungwa kwenye gazeti. Hilaria alibonyeza kitufe. Kisu kikaanza kuzunguka, meza ikasogea yenyewe, ikaenda kulia, ikaja mbele, ikazunguka duara ndani ya pande la chuma bila mtu kuishika. Adriano alisimama ukutani akatazama. Alichukia ilivyokuwa inasogea, na alichukia zaidi kwamba ilikuwa inapendeza.

Chuma kilipotoka, Rafaeli alikipangusa kwa pindo la koti lake, akaweka beringi kwenye tundu. Haikuingia. Akaigeuza, ikaingia nusu, ikakwama upande. Akaligeuzageuza tundu mbele ya uso wake.

"Hili ni tundu au yai?" aliuliza. "Maana beringi niliyonunua mimi ni ya duara."

Adriano akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, mzee mzima, katika karakana ambayo mwenye nayo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake na uso umemsinyaa. "Mama," akasema alipopata pumzi, "nikalete mishikio?"

Hilaria alichukua kile chuma, akapitisha kidole ndani ya tundu polepole. Mahali panne kidole kiligonga kijingazi kidogo, na mahali hapo panne ndipo meza ilipogeuza mwelekeo. Akainua macho.

"Inacheza katikati," alisema. "Nawe ulikuwa unajua, mzee. Umenidanganya."

Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita baba.

"Hukuuliza vizuri," Adriano alijibu, na hata yeye alisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa bovu.

Hilaria alimwomba Luciana siku moja zaidi. Rafaeli, aliyekuwa na magunia ya alizeti ya watu yamejaa ukumbini, alisema atangoja mpaka Jumatatu, Jumanne atakuwa njiani kwenda Mbeya. Luciana akakubali bila kumtazama mtu yeyote.

Jumapili Adriano alikwenda misa ya kwanza akaimba kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi la mbele wageuke. Muda wote huo Hilaria alikuwa karakana. Alikifunga kijisaa chake mwanzo wa parafujo, akapima, akaandika. Akasogeza upana wa vidole viwili, akapima, akaandika. Akaenda hivyo tangu asubuhi, mkono wa kushoto umeshika kalamu, wa kulia umeganda kwa baridi ya chuma, na safari hii hapakuwa na mzee wa kumwonea haya. Luciana alimletea ugali na maharage, akakaa naye, akamshikia taa ya simu chini ya meza. Kufikia alasiri kila mahali parafujo ilipolika palikuwa na namba yake ndani ya kompyuta.

Jumatatu Adriano alikuja na mishikio kwapani ndani ya kitenge, amenyoa ndevu. Alimkuta Rafaeli ameshafika mapema kuliko yeye. Nyumba mpya ya beringi ilikuwa juu ya benchi, na Rafaeli alikuwa anaisukuma beringi kwa gumba. Ikaingia, ikakaa. Akaitoa, akairudisha, ikaingia tena. Akaagana na Hilaria kwa mikono miwili, akampita Adriano mlangoni bila salamu.

Luciana alimwita Adriano pembeni. Hakuongea kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee Adriano, kuna jambo ulikuwa hulijui. Jumatano, kabla hajakuuliza chochote, huyu binti alikuja kwangu akasema mashine hii haitakwenda bila kichwa chako. Alitaka nikufanye mkuu wake. Wewe uamue, yeye aandike, mshahara ubaki uleule mpaka utakapochoka mwenyewe. Nilikubali. Tulikuwa tunangoja useme neno moja tu." Aliupokea mzigo wa kitenge kutoka kwapani mwake. "Sasa amekwisha kupima. Nikuweke mkuu wa nini?"

Adriano aliutazama mzigo ule mikononi mwa mama.

"Sikufukuzi," Luciana alisema. "Vyuma vikitoka kwenye mashine vina kingo kali. Utakuwa unapiga tupa."

Kupiga tupa ni kazi ya mtu aliyeanza jana. Mficha uchi hazai, wanasema. Mzee huyu alizaa watoto sita na Zita, lakini katika ufundi hakuacha hata mmoja, kwa kupenda kwake, na sasa siri aliyoibana maisha yake yote ilikuwa imepatikana Jumapili moja, yeye akiwa kanisani anaimba. Kama alitegemea mtu amwonee huruma, alichagua karakana isiyofaa.

Kisha Adriano akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aiache misheni. Alimwendea Hilaria kwa hiari yake, akasimama ubavuni mwake, akaanza kusema.

"Binti, kuna kitu kingine. Mwezi huu wa sita, asubuhi, mafuta yanaganda. Parafujo inabana, inakudanganya kwamba haichezi. Iache izunguke nusu saa ipate joto, ndipo inalegea. Usichonge kazi ya maana kabla ya hapo." Akateremsha sauti. "Hilo hakuna anayelijua. Nakupa."

Hilaria alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akamgeuzia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na safu mbili za namba. Juu ya ya kwanza alikuwa ameandika saa moja asubuhi, juu ya ya pili saa sita mchana.

"Nilipima mara mbili, mzee," alisema. "Ipo."

Adriano alizitazama namba zile kutoka juu mpaka chini. Hakuna hata moja iliyokosekana. Hilaria alikuwa amesharudi kwenye kazi yake, na kwenye benchi vilikuwa vimelala vyuma vinne vyenye kingo kali, vinangoja.

Adriano akageuka huku na huku, kisha akalazimika kumwuliza yule binti tupa huwekwa wapi.