Wageni wa Siku ya Tatu

Bechir aliishi kwa kutembeza wageni katika msitu wa Khumir na kuwauzia asali yake. Kiangazi kilipofika, moto wa msituni uliteketeza mizinga yake yote thelathini. Siku ya tatu wakaja wageni walioagiza matembezi tangu masika.

"Warudishe, mwanangu," mama yake alimsihi.

"Wameshafika, mama."

Akawapitisha njia ileile, akiwatajia miti iliyopona. Mmoja akauliza nyuki wako wapi.

"Waliungua Jumatatu," alijibu, kwa sauti ileile aliyotajia miti, akaendelea kupanda mlima.

Jioni mama alimwekea sahani ya kuskusi. "Umelia japo kidogo?"

"Bado. Kesho kuna wengine kumi."

Akala akamaliza, asijue kama chakula kilikuwa na chumvi.