Kufuli ya Mathe Jemutai

Soko ya Elburgon yote inajua Mathe Jemutai, yule anaosha choo nyuma ya maduka ya mbao. Ukimsalimia, kabla akujibu ashaangalia viatu zako kama ziko na matope.

Sisi na mabeste tunaweka vyoo kwa ramani ya simu. Unachagua aina: ya kuflash, ya shimo, ya wateja wa hoteli tu, ya watu wote, ama private. Wenye hiyo project wamesema za watu wote ndio zitapewa tanki ya maji, na list inafungwa leo saa kumi. Mathe anataka hiyo tanki vibaya. Kila asubuhi hupanda kutoka mtoni na mitungi mbili, na goti yake moja imeanza kukataa.

Sasa mimi Jumatatu nilipita hapo, nikaona kufuli, nikabonyeza private. Nikaenda zangu.

Leo saa tisa na nusu, baada ya kuonyeshwa ramani, Mathe akaniita. "Lynn, kuja. Nani amekwambia choo yangu ni private?"

"Si iko na kufuli, mathe."

"Nikiacha wazi, kuku za Wachuka zinalala humo. Ulitaka nipangie kuku foleni?"

Kumbe ufunguo hukaa kwa meza ya Wachuka wa mandazi, imefungwa kwa mbao ndefu kama mkono, ndio mtu asiende nayo nyumbani. Soko mzima inajua. Ni mimi tu nilikuwa naangalia simu.

Nikataka kubadilisha, app ikaitisha picha ya mlango ikiwa wazi. Nikakimbia kwa Wachuka. Ufunguo haiko. Kiprugut, mwenye hupakia mbao kwa lori, ameingia nayo.

"Kiprugut, harakisha, kuna list inafungwa," Mathe akaita.

"Mathe, hii kitu haijui list," akajibu huko ndani.

Saa kumi kasoro dakika nane akatoka, mbao ya ufunguo kwa bega. Nikamwambia asimame hapo kando ya mlango, ionekane watu huitumia.

"Mimi, kwa picha ya choo? Na mama mkwe amenunua simu juzi?"

Akaficha uso na ile mbao. Kwa hivyo picha iko na mlango wazi, sakafu safi, na mwanaume mwenye kichwa ya mbao. App ikakubali: ya shimo, ya watu wote.

Mathe akachukua simu, akaangalia kadoti ya bluu ya choo yake kwa ramani. "Na mbona haijaandikwa nimeosha?"

"Hakuna mahali ya kuandika, mathe."

Akanirudishia simu, akachukua jembe, akaanza kusawazisha mahali tanki itakaa.