Kabati la Kemia

Mwalimu wetu wa kemia tulimwita Chuma, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kama jina limempendeza. Alihamia shuleni kwetu tukiwa kidato cha nne, akakuta maabara ina kabati la vioo lililojaa vifaa vinavyong'aa. Wageni wakija, walionyeshwa kabati. Sisi wasichana tulichorewa picha ubaoni. Ufunguo ulikaa kwa mkuu wa shule, mzee mpole aliyesomea historia, ambaye aliogopa kioo kuvunjika kuliko sisi kufeli. Na kufeli tulifeli kweli: kila mwaka mtihani wa vitendo uliwafyeka dada zetu wenye akili zao, wakaishia kusahau mambo ya udaktari na uhandisi.

Chuma akamfuata ofisini. Sisi tukatega masikio dirishani.

"Mkuu, hawa wataishika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani?"

"Mwalimu, vitavunjika hivyo."

"Basi vivunjike hapa, nikiwapo."

Alimganda asubuhi na jioni, mpaka mzee akasalimu amri kwa sharti: kikivunjika kimoja tu, ufunguo unarudi.

Siku ya kwanza tu, nikavunja mimi. Bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, iliniponyoka ikapasuka sakafuni. Darasa zima lilinitazama kwa hasira, na walikuwa na haki. Mkuu alikuwa koridoni. Akaingia, akanyoosha mkono kudai ufunguo wake.

Chuma hata hakuutazama huo mkono. "Hujajikata? Haya, chukua nyingine."

"Mwalimu, siwezi."

"Sijakuuliza."

Nikaifunga kwenye stendi huku machozi yananitoka, nikajaza asidi, nikalegeza koki tone kwa tone juu ya chupa yenye dawa ya njano. Mara tone moja likaanguka, na chupa nzima ikageuka rangi ya chungwa, alama kwamba asidi imetosha. Nikafunga koki papo hapo. Nilifurahi mpaka nikasahau kulia. Kisha nikasikia mtu anapumua begani kwangu: mkuu alikuwa ameinama anatazama. Miaka yote hiyo alilinda kabati, na kitu hiki hakuwahi kukiona.

"Hebu arudie," alisema.

"Atarudia. Na wenzake wote."

"Lakini vitavunjika, mwalimu."

"Vitavunjika," Chuma alikubali, akatumbukiza ufunguo mfukoni mwake, akaniambia nimwage nianze upya.