Ameamshwa Aambiwe Pole

Juzi nilikwenda kumwona jirani yangu, mama mtu mzima, katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Morogoro. Muuguzi alikuwa ameweka redio ndogo kando ya kichwa chake, ikitoa sauti ya maji ya mlimani tu.

"Milio ya mashine ilimnyima usingizi," muuguzi alininong'oneza. "Kwa haya maji, leo ndiyo kwanza amelala."

Wifi yake mgonjwa akaingia, akazima redio, akamtikisa bega.

"Wifi, amka. Nimetoka Mlali kuja kukuona."

Mama akafumbua macho kwa shida.

"Pole, wifi. Usingizi unapata lakini?"

Mpaka leo nina hasira. Sisi hatuendi kuwajulia hali wagonjwa, tunakwenda ili tusisemwe. Ukimkuta mgonjwa amelala, hali yake umeshaijua. Geuza, urudi nyumbani.