Salamu za Njia ya Bandarini

Nakumbuka siku niliyomwamkia ng'ombe, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani, nakaa Kikwajuni kwa shangazi yangu, na macho yangu yalikuwa yameanza kuniaga. Katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe nikaona kitu kikubwa cheupe kimetulia kando ya mlango. Nikadhani mzee wa kanzu, nikasema kwa adabu zangu zote, "Shikamoo, babu." Kumbe ng'ombe wa gari la mizigo! Wallahi vijana waliokaa pale walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Cheka na wewe, hata mie siku hizi nacheka. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikalia, nikajiapiza kuwa simsalimii tena mtu nisiyemjua sura.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu Unguja, ukipita mbele ya watu waliokaa barazani, kwenye yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa ukutani, usitoe salamu, basi huna adabu. Watu wakasema binti yule ana maringo. Nikaona bora niitwe mwenye maringo kuliko niitwe kipofu. Njia ya bandarini, niliyopita kila wiki kupeleka nguo za wateja, nikaishika kwa magoti: nahesabu baraza kwa kuzigusa, ya kumi na moja nakata kushoto. Nyumbani nikawaambia naona vizuri tu, alhamdulillahi. Muongo mkubwa mie!

Sasa mdogo wangu Raya akaposwa Dar es Salaam. Gauni lake la harusi nilishona mie, na moyoni nilijua ni nguo ya mwisho nitakayoishona kwa macho. Mishono ya shingoni nilimaliza kwa kupapasa. Harusi ilikuwa jioni, boti inaondoka saa tatu asubuhi, na jamaa wote walikuwa wameshatangulia, isipokuwa shangazi aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Akaniambia, "Nimwite jirani akupeleke bandarini?" Nikamjibu, "Kwani mie mtoto?" Nikalitia gauni kwenye begi, nikalikumbatia, nikatoka.

Kwenye baraza ya saba nikakuta mafundi wanakarabati nyumba, wamemwaga mawe na chokaa njia nzima. Nikazunguka, na kuzunguka huko kukanivurugia hesabu yote. Uchochoro ukaingia uchochoro. Watu nawasikia wamekaa, wanazungumza, na neno moja tu lingetosha. Sikuuliza. Nikakaza mwendo kama mtu ajuaye aendako, mpaka nikawakuta watu wamejipanga mstari. Nikashusha pumzi. Nshafika, hii foleni ya boti. Nikajipanga.

Nikasimama, mwanangu, nikasimama. Honi ya boti ikalia, nikajiuliza mbona inalia mbali? Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Dada, ndoo yako iko wapi?"

Nilikuwa kwenye foleni ya maji ya bomba.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Pembeni ikatoka sauti ya kizee, kali: "Si huyo mwenye kuburura viatu? Kila wiki anapita barazani kwetu na hatusalimii." Alikuwa Bi Mize, mtu mzima wa mtaa ule, kipofu tangu utotoni, anasubiri ndoo yake ijae.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Leo ndo umeniona?"

"Sikuoni, bibi. Simwoni mtu. Nimepotea, na hili begi lina gauni la harusi ya mdogo wangu, na boti inaondoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia binadamu. Bi Mize akacheka. "Nami sioni. Nishike kiwiko, twende."

Basi kipofu akamwongoza mwenye macho nusu, na mbio alizonipigisha siku ile sijazisahau. Bi Mize hakuhesabu kitu. Kila penye watu alipaza sauti: "Asalaam alaykum, wa barazani!" Nao wakaitikia, "Waalaykum salaam, Bi Mize! Jihadhari, pana baiskeli ukutani." Mbele tena: "Waalaykum salaam! Pita kati, kulia wanapaka rangi." Njia nzima anaelezwa, wala hajauliza. Baraza hizo hizo nilizokuwa nikizipita kila wiki nimefunga mdomo, naumia magoti!

"Na ukimwamkia asiyestahiki?" nikamuuliza huku nahema.

"Nimewaamkia watoto wa chuo cha Kurani mpaka wamenizoea. Wanacheka, nami nacheka, kisha wananiambia shimo liko wapi. Wewe unaogopa kuchekwa, shimo huliogopi?"

Langoni bandarini akasimama. "Humu hawanijui. Toa sauti yako mwenyewe, na useme ulivyo."

"Asalaam alaykum," nikasema kwa sauti ya mbu.

"Hujasema kitu."

Honi ikalia mara ya pili. Nikapiga ukelele: "Asalaam alaykum, jamani! Mie sioni, nataka boti ya Dar es Salaam!"

Niliitikiwa kila upande. Hakuna aliyecheka. Mchukuzi mmoja akasema, "Waalaykum salaam, dada. Fuata sauti yangu. Daraja la kupandia boti lina kamba kulia kwako, ishike." Nikageuka kumshukuru Bi Mize, nikamsikia huko nyuma keshasalimiana na mabaharia watatu.

Jioni, kabla sijamvisha Raya gauni lake, nikamwambia, "Mdogo wangu, sura yako siioni." Akalia, nikalia. Kisha akaichukua mikono yangu akaipitisha usoni mwake, shavu hili na hili, mpaka wanja wa watu ukaharibika ikabidi apakwe upya. Tangu siku ile sijamficha mtu.

Mwanangu, nasikia nawe macho yanakupungua, na umeanza kuwapita watu kimya. Acha. Salimia wewe kwanza, tena kwa sauti, na ukikosea cheka kabla yao. Sema kuwa huoni, maana asiyejua hawezi kukuonya. Nanyi wenye macho mazima, mkisalimiwa msijibu kwa kutikisa kichwa, kichwa hakisikiki. Jibuni kwa mdomo, na mseme kilichopo njiani. Msimburure mtu kama gunia, mpeni kiwiko ashike mwenyewe. Na hizo pikipiki mnazoziegesha kwenye vichochoro ziondoeni, magoti yangu yamezeeka!

Nenda, mwanangu. Mola akulinde na kila shimo, na popote utakapotoa salamu, usikose wa kukuitikia.