Mkanda wa Tatu wa Mwera

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sina mazoea ya kutia chumvi. Nilistaafu nikiwa afisa habari; kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa sahihi. Nilidanganya katika moja tu, na hiyo ndiyo iliyonifuata hadi nyumbani kwangu Usagara.

Zamani tulizunguka vijijini na gari la sinema. Tulitundika shuka jeupe, watu wakatandika mikeka, nami nikashika kipaza sauti kufasiri filamu: sauti ya bibi harusi mimi, ya jambazi mimi. Huko Mwera, wilayani Pangani, tulionyesha filamu ya dada wawili waliopotezana kwa mafuriko. Ilikuwa mikanda mitatu, kila mmoja katika kopo lake. Dada wakaonana stesheni, wakaanza kukimbiliana. Mkanda wa pili ukaisha. Nikafungua kopo la tatu, nililolikagua na kulitia saini mwenyewe. Kwenye shuka akatokea mzee anachimba choo! Ulikuwa mkanda wa elimu ya afya. Ningefanyaje? Nikatangaza: "Naam, wakaishi salama, na kila mmoja akachimba choo chake."

Kijiji kizima kilinizomea. Kesho yake nikaandika: "Filamu imeonyeshwa yote. Wananchi wameridhika."

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa barazani na wajukuu zangu wanne. Kila mmoja alikuwa na simu yake, masikio kayaziba, anacheka kitu ambacho mwenzake hakioni. Huko nako ni kutazama? Nikiwa katika hasira hiyo, mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi akapiga hodi, mkeka wa ukindu kwapani. Hakuniamkia.

"Binti," nikamwambia, "hapa mkubwa huamkiwa."

"Basi niamkie." Akatandika mkeka wake, akaketi. "Bwana Sinema, nimetoka Mwera. Wale dada walikumbatiana, hawakukumbatiana?"

"Nani kakuhadithia?"

"Nilikuwepo, mstari wa mbele. Na ule wa choo nimeshauona, usinipe tena."

Kwa umri ule angekuwepo vipi? Nikadhani ni mzaha wa kurithi kwa mama yake. Nikamjibu kwa kifupi kwamba walikumbatiana.

"Maneno makavu hayo wape maofisa wenzio. Mimi nataka kwa sauti ile."

Niaminini, nilisimama. Nilikunja gazeti likawa kipaza sauti, nikaanzia stesheni: treni ikapiga honi, dada mkubwa akaangusha kikapu, mdogo akapoteza kiatu. Wajukuu wakazibua masikio. Mjukuu wangu Zawadi akaanza kunirekodi kwa simu. Jirani yetu Mama Upendo, mtu wa Lushoto, akapaza sauti ukutani kwake: "Mzee, usiendelee bila mimi, naepua sufuria!" Nikamsubiri. Baraza likajaa. Nilipowakumbatisha wale dada, mgeni akapiga kigelegele, na mtaa mzima ukampokea.

Vigelegele vilipotulia, mkeka ulikuwepo, mwenyewe hayupo. Zawadi akatazama simu yake. "Babu, yule shangazi hayumo!" Ni kweli: katika video yake mkeka ni mtupu, lakini kigelegele cha kwanza kinatoka hapo hapo.

Jumatatu niliupeleka mkeka Mwera, nikiuliza ni kazi ya nani. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja, mtu mzima. Akapapasa ukingo wake. "Huu msuko wa marehemu mama. Hata katika homa yake ya mwisho alikuwa akiuliza kama wale dada walikumbatiana." Akanitazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye Bwana Choo!" Tukacheka hadi machozi, kisha akanirudishia mkeka: nilikuwa nimeshaulipia, alisema, kwa ule mwisho.

Marehemu alinizidi miaka kadhaa. Aliyestahili kuamkiwa alikuwa yeye.

Nakala ya taarifa ile ninayo. Nimekata mstari wa mwisho na kuandika kwa wino mwekundu: "Wananchi wameridhika leo." Kila Jumamosi sasa tunatundika shuka uani, simu zote tunazikusanya kikapuni, na mkeka wa ukindu unakaa mstari wa mbele. Haukaliwi. Kabla ya kuanza naupa shikamoo, na mara nyingine, kwenye patamu, kigelegele kinatangulia.

Nawe uliyemwachia mtu hadithi nusu, kammalizie mapema. Na akija mgeni asiyekuamkia, usikasirike kama mimi. Anza wewe.